Nani Atamshika Mtoto? Wito kwa Majirani wa Nyalukemba

Ndugu zangu wa Nguba, wa Muhumba na wa vilima vyote vya kartie yetu hapa Bukavu,

Kabla jua halijachomoza upande wa Rwanda, mitumbwi ya sambaza huwa imekwisha kukaribia ufukwe. Wavuvi wamekesha ziwani na taa zao, macho mekundu, sauti zimekauka. Wanawake wanawasubiri na mabeseni, kila mmoja anataka awe wa kwanza, maana sambaza anayefika sokoni mapema hauzwi bei moja na yule anayefika jua likiwa utosini. Asubuhi moja, katika kundi hilo, nilimwona msichana ambaye sidhani alizidi miaka kumi na sita, mtoto mgongoni ndani ya kikwembe. Kila alipoinama kuchota, mtoto aliteleza kuelekea shingoni. Akiinuka kumrudisha, nafasi yake imekwisha kuchukuliwa. Aliinama mara tatu, na mara zote tatu akainuka na beseni tupu.

Ndipo mama mmoja mtu mzima, aliyekwisha kupata samaki wake na angeweza kwenda zake, akaweka beseni chini. "Leta huyo," alisema, "we chota." Akampokea mtoto, akamweka begani, akawa anampigapiga mgongoni huku akiendelea kubishana na mvuvi juu ya deni la juzi. Msichana, sasa mikono yote miwili ikiwa huru, akapimiwa, akakataa kipimo cha kwanza, akadai kiongezwe, akahesabu franka zake, akajitwisha. Hazikupita dakika kumi. Kisha akachukua mtoto wake, akapanda mlima.

Nimehudhuria semina nyingi hapa mjini kuhusu vijana na wazazi wadogo. Nimekunywa soda zake, nimetia sahihi orodha zake. Sijaona huduma iliyomfikia mwenyewe haraka kama dakika zile kumi. Ninaandika kuwaomba tuzirefushe. Ziwe masaa matatu, siku tano kwa juma, zisitegemee tena bahati ya nani amesimama karibu na nani pale ufukweni.

Najua swali tunaloliuliza kwanza msichana anapoonekana na tumbo: "Ni ya nani?" Tunaliuliza kwa bidii ambayo hatuna kwa maswali mengine. Katika ukoo wangu mwenyewe tulikesha tukijadili habari ya binti wa kaka yangu. Wajomba walitoka Bagira, shangazi akatoka Walungu, soda zikanunuliwa kwa ajili ya wazee. Tukajadili jina la kijana, jina la baba wa kijana, ng'ombe wa kudai, heshima ya nyumba yetu. Binti alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na mlango wa jikoni. Ilipofika saa sita ya usiku, koko yake, yaani bibi yake, aliinuka kutoka nje, akapita karibu naye, akasikia analia. Akamuuliza kama amekula. Hakuwa amekula tangu asubuhi. Sisi watu wazima kumi na mmoja tulikuwa tumeandaliwa mara mbili, na hakuna aliyeona kwamba sahani yake haikuwapo.

Aibu ile ningali nayo.

Hata jina tunalowapa linastahili kutazamwa. "Fille-mère", tunasema, neno la Kifaransa tulilolipokea likiwa limekwisha kuchongwa, na sasa limekaa vinywani kama cheo: yule filimeri wa kwa fulani. Kijana aliyempa mimba hana jina lake la namna hiyo. Yeye huitwa kijana tu. Na tunasema kana kwamba ni msiba wa nyumba moja au mbili zilizoshindwa kulea. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2013-2014 ulikuta kwamba kati ya wasichana 100 wa Kongo wenye miaka 15 hadi 19, 27 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa na mimba ya kwanza. Zaidi ya mmoja kati ya wanne. Ipeleke hesabu hiyo kwenye avenyu yako, anza kuhesabu milango, utaacha kusema "wale watu".

Kuishi Nyalukemba kulitulevya kidogo. Kwa miaka mingi barabara za Muhumba zilijaa magari meupe yenye antena ndefu na vibao vya mashirika ya kila rangi, tukaamini kwamba kwa kila shida kuna mtu mahali fulani anayeshughulikia. Halafu MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa, ikafunga kazi zake Kivu Kusini mwishoni mwa Juni 2024. Mwanzoni mwa 2025 Marekani ikasimamisha sehemu kubwa ya misaada yake duniani. Februari ya mwaka huohuo vita vikaingia mjini kwetu, uwanja wa ndege wa Kavumu ukafungwa, benki zikafunga milango. Vibao vingine vingali vinaning'inia. Ukibisha hodi, anatoka mlinzi.

Sisemi kwamba wote wamekwenda. Hospitali ya Panzi, ambayo Daktari Denis Mukwege aliianzisha mwaka 1999, ingali inapokea wagonjwa, na Maison Dorcas ya taasisi hiyohiyo imewafundisha ufundi wanawake wengi waliotoka kwenye matibabu na kuwahifadhi pamoja na watoto wao. Cité de la Joie, kituo cha wanawake walionusurika ukatili wa kijinsia, ilifungua milango mwaka 2011. Shirika la BVES la Murhabazi Namegabe, ambaye mwaka huohuo wa 2011 alipewa Tuzo ya Watoto wa Dunia, limewatoa watoto mikononi mwa makundi yenye silaha kwa miaka mingi. PEDER imewafuata watoto wa barabarani hukohuko barabarani. Ek'Abana imewapokea wasichana wadogo waliofukuzwa nyumbani kwa kuitwa wachawi, jambo ambalo Katiba yetu ya 2006 inalikataza waziwazi, ingawa halijaisha. Hawa wanabeba mizigo ambayo mimi na wewe hatuwezi kuibeba, na kama una cha kuwapa, wape.

Lakini milango hiyo ilijengwa kwa ajili ya majeraha makubwa. Msichana wa Nguba aliyepata mimba ya kijana wa nyumba ya tatu, akaacha shule, akabaki jikoni kwa mama yake, hakutekwa, hakufukuzwa, hakuitwa mchawi. Hana hadithi ya kumwingiza kwenye mpango wowote. Ana mtoto wa miezi saba na siku nzima mbele yake isiyo na kazi. Huyo hana mwingine wa kumngoja. Huyo ni wetu.

Pita kwenye atelie yoyote ya kukata na kushona mwezi wa kwanza wa mafunzo, halafu rudi mwezi wa nne. Mabenchi hayajajaa tena. Ukiuliza, utaambiwa juu ya ada, na ni kweli, ada ni nzito. Kaa kidogo zaidi, utaona kitu kingine. Mtoto anayelala mgongoni hamsumbui mtu. Mtoto aliyeanza kutambaa huvuta nyuzi, hutia vifungo mdomoni, hunyoosha mkono kuelekea pasi ya makaa. Mwalimu anavumilia juma la kwanza. Juma la pili anamwambia mama atoke kidogo nje amtulize. Juma la tatu anamwambia hivyohivyo, na kwa upole uleule. Nje ndiko somo lake linakoishia. Hakuna aliyemfukuza, kwa hiyo hakuna anayemrudisha.

Wenzetu wa Tanzania wamelifikiria jambo hili. Novemba 2021 serikali yao iliondoa kizuizi kilichowafungia wasichana waliojifungua kurudi katika shule za kawaida. Na katika Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, ambavyo viko 54 nchi nzima, umeendeshwa mpango unaoitwa Elimu Haina Mwisho, kwa ajili ya wasichana waliokatiza masomo; hapohapo chuoni kuna mahali pa kulelea watoto wakati mama zao wako darasani. Utaniambia mpango huo una wafadhili na majengo. Ndiyo, unavyo. Ila walichokielewa hakigharimu kitu kukielewa: mtoto asipopata pa kukaa, mama yake hana darasa.

Nikiwa hapo, neno moja. Kule pwani na bara la Tanzania, "yaya" ni mtu anayeajiriwa kulea mtoto. Kwetu Bukavu yaya ni ndugu mkubwa, wa kike au wa kiume, na tunamwita hivyo kwa heshima. Maneno mawili yaliyofika kwa njia tofauti, yakakutana kwenye kazi ileile. Ninachoomba ni kwamba binti wetu yule wa Nguba apate mayaya wa aina ya kwetu, maana wa aina ya kwao hana uwezo wa kuwalipa.

Hivi ndivyo ninavyoliona likifanyika. Wakatoliki tunayo mashirika yetu, zile jumuiya ndogo za avenyu zinazokutana kila juma kusali na kujuliana hali. Ndugu zetu wa makanisa ya CEPAC na CELPA wana vikundi vyao vya akina mama, Waislamu nao wana vyao. Katika avenyu nzima tunahitaji wanawake kumi. Kumi tu. Kila mmoja atoe asubuhi moja kwa juma, kutoka saa mbili hadi saa tano, kuwashika watoto kwenye baraza moja ya avenyu, na kila asubuhi wawe wawili. Nasema wawili bila kumtuhumu mtu: mtoto anayetazamwa na watu wawili yuko salama zaidi, na mwenye kutazama akiwa na mwenzake pembeni naye hasingiziwi. Mama anayeuza nyanya au mkaa hawezi kuacha meza yake kila siku, na asiombwe hivyo. Asubuhi moja anaweza.

Vitu vinavyohitajika vinatosha kwenye kapu. Mkeka mpana. Jerikani la maji ya kunawa na chupa ya maji yaliyochemshwa. Sufuria ya uji wa wale wanaokula. Daftari la kuandika nani ameletwa saa ngapi na nani atamchukua, kwa jina, si kwa "atakuja mtu". Mtoto mwenye homa au anayeharisha asiachwe barazani na wengine. Huyo apelekwe kituo cha afya, na kama mama hana mtu, mmoja wa wale wawili amsindikize. RECO wa avenyu, ambaye tayari anapita nyumba kwa nyumba kwa ajili ya chanjo, aombwe apite hapo siku ya Ijumaa na utepe wake wa kupimia mkono. Rangi nyekundu kwenye utepe ule inaonekana mapema zaidi ikiwa kuna mtu anayeutumia kila juma.

Juu ya wale wachanga nataka nisikilizwe vizuri. Mtoto ambaye hajatimiza miezi sita hana chakula kingine ila ziwa la mama yake, na asipewe uji eti kwa sababu analia. Kwa hiyo baraza ichaguliwe kwa ukaribu na atelie au shule, si kwa ukubwa au uzuri wake. Mama atoke wakati wa mapumziko, anyonyeshe, arudi. Baraza nzuri ya mwenye nyumba kubwa iliyo mbali haitamsaidia kitu. Na kama mwenye atelie ana kona yake ya nyuma ambako huweka mabaki ya vitambaa, hiyo ndiyo bora kuliko zote.

Nikataze jambo moja pia. Binti asigeuzwe mtumishi wa shukrani. Nimeona mahali ambapo anayeshikiwa mtoto asubuhi anaitwa alasiri kufua, kesho kuteka maji, keshokutwa kukaa na duka. Polepole masaa matatu aliyopewa yanarudishwa sita. Tukiwapa, tuwape. Siku moja naye atakuwa na asubuhi ya kutoa.

Pesa. Avenyu nyingi zina MUSO, chama cha kuweka pesa pamoja, kukopeshana na kusaidiana, na kila mwanachama anajua visanduku vyake: cha kijani cha mikopo, chekundu cha misaada, cha buluu cha pesa zinazotoka nje. Benki zilipofunga milango, wengi wetu tulibaki na visanduku hivyo tu. Kisanduku chekundu hufunguliwa mwanachama anapofiwa au anapougua. Kwa nini tusiandike katika kanuni zetu kwamba kinafunguliwa pia kwa ajili ya binti wa mwanachama aliyejifungua, kwa sabuni na mkaa wa mwezi wa kwanza, na baadaye ada ya atelie ya robo ya kwanza? Si mkopo. Ni kisanduku chekundu. Na wale mabinti wakubwa zaidi wakubaliwe kuingia kwa hisa ndogo, hata kama wanaweka franka kidogo mno kiasi kwamba mhasibu anaona taabu kuziandika. Nilimsikia mweka hazina mmoja akisema wataharibu hesabu. Hesabu zilizoharibika nimeziona. Ziliharibiwa na wakubwa.

Sasa vijana wa kiume, maana nimekwisha kusikia mtu akiguna kwamba makala haya yote ni ya wasichana.

Kijana wa miaka kumi na saba anayeambiwa "mimba ni yako" na wanaume wanne waliosimama mlangoni ana njia mbili. Anaweza kukubali, alipishwe yeye na baba yake kitu ambacho hawana. Au anaweza kupanda gari la asubuhi kwenda Kamituga kwenye dhahabu. Wengi wamepanda gari. Wapo pia wasiofika hata Kamituga, wanaokaa bandarini na kwenye kona za Nyawera wakibeba mizigo, wakilala popote, na hao tunawaita maibobo tukipita na mikoba yetu tumeibana kwapani. Na katika nchi hii, kijana asiye na kazi na asiye na nyumba inayomsubiri hakosi mtu wa kumpa bunduki. Hilo hatuhitaji kusomewa na mtu, tumelishuhudia tangu 1996.

Kwa hiyo wakati wa kumkabili kijana, tupunguze wanaume mlangoni. Aende mtu mmoja anayemheshimu. Asiulizwe kwanza atatoa nini, aulizwe anajua kufanya nini. Mwenye gereji ana nafasi ya mtu wa kusafisha vipuri. Mwenye karakana ya ubao ana nafasi ya mtu wa kupiga randa. Motari, mwendesha pikipiki, anayeendesha mchana anaweza kumfundisha usiku kufungua kabureta. Ujira wa kwanza ukipatikana, ugawanywe wazi: kiasi hiki cha mtoto kila Jumamosi, mkononi mwa mama wa mtoto, mbele ya mtu wa tatu. Na Jumapili baada ya ibada ampakate mtoto wake, hata akicheka kwa aibu, hata wenzake wakimwita majina. Sijui dawa ya kijana kukimbia. Ninajua tu kwamba ni vigumu zaidi kumkimbia mtoto ambaye amekwisha kukutapikia shati.

Hayo nayasema juu ya kijana. Mtu mzima ni habari nyingine, na hapo tumezoea kudanganyana. Mwanaume wa miaka arobaini, mwenye duka, mwalimu, mchungaji, mwenye cheo, akimpa mimba msichana ambaye hajatimiza miaka 18, familia nyingi hukaa naye chini na kufanya kile tunachokiita arranjema: mbuzi, pesa kidogo, labda ahadi ya kumwoa. Sheria za Julai 2006 juu ya makosa ya kijinsia zinamhesabu msichana huyo kuwa mtoto. Kusema "alikubali" hakumwokoi mwanaume. Na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kumlinda mtoto inakataza uchumba na ndoa za watoto, hata wazazi wakubali, hata ng'ombe wawe wengi kiasi gani. Arranjema ya namna hiyo haimtengenezei binti maisha. Inamtengenezea mwenye kosa njia ya kutokea.

Kuna kipande kingine cha sheria ambacho watu wachache wanakijua, nami nakipenda. Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987 inasema kwamba kila mtoto wa Kongo lazima awe na baba, na kwamba hakuna mwenye haki ya kumpuuza mtoto wake, awe amezaliwa ndani ya ndoa au nje. Je, baba asipopatikana kabisa? Sheria haikuishia hapo. Mahakama inaweza kumteua baba wa kisheria kutoka ukoo wa mama, au, akikosekana huko, mtu ambaye mama mwenyewe amemtaja. Baba huyo hana damu na mtoto kama mzazi, lakini ana haki zote za baba na mizigo yote ya baba. Soma tena: mizigo yote. Walioandika sheria ile walikuwa watu waliolelewa na wajomba, naamini.

Mahakama za mji wetu zimeyumba tangu Februari 2025, na sitaki kumdanganya mtu kwamba kesho atarudi na karatasi. Lakini mjomba hahitaji jaji ili aanze. Ukoo unaweza kukaa, safari hii bila soda nyingi, na kumtaja mmoja kwa jina: wewe ndiye utakayekwenda shuleni ukiitwa, wewe ndiye utakayejua kama ada imelipwa, wewe ndiye mtoto atakayekutaja akiulizwa baba yako nani. Karatasi itakuja siku itakapokuja. Kwa upande wa karatasi, liko jambo moja ambalo halingoji: kuzaliwa kwa mtoto kunatakiwa kuandikishwa ndani ya siku 90, nonante kama tunavyosema, na cheti kilichotolewa na kituo cha afya ndicho mwanzo wa yote. Msikifungie chumvi. Kiwekwe kwenye plastiki, ndani ya Biblia au Kurani, mahali ambapo kila mtu wa nyumbani anapajua.

Nina neno fupi kwa viongozi wa makanisa, ambamo nami nasali. Binti aliyetolewa kwenye kwaya kwa sababu ya tumbo anarudi lini? Mara nyingi hakuna aliyepanga siku. Adhabu inaanza kwa tangazo la mbele ya watu wote na haina tangazo la mwisho. Kama ni lazima iwepo, basi iwe na tarehe, na kijana aliyehusika aketi naye kwenye benchi lilelile la nyuma. Walimu nao wasingoje barua kutoka juu ndipo wamwambie msichana kwamba dawati lake lipo. Mwalimu mkuu anayetuma mtoto wa darasa kumwambia mwenzake "mwalimu anakuulizia" amefanya zaidi ya kamati.

Wenye nyumba kubwa zinazotazama ziwa, nyumba zilizokuwa za ofisi na sasa zimefungwa, mnajua ninachotaka kuomba: si nyumba, ni chumba kimoja cha chini chenye mlango wa barabarani. Na ninyi mlio Kampala, Nairobi, Bruxelles na Montréal, mnaotuma pesa ya harusi na ya matanga bila kuombwa mara mbili, kuna jambo la katikati hapo, kati ya harusi na matanga. Mashini moja ya kushona ya kukanyaga kwa miguu haihitaji umeme wa SNEL. Ulizeni bei yake leo.

"Mkono mmoja haulei mwana" ni maneno ninayoyasikia kila mkutano, tunayapigia makofi, kisha mikono yote inarudi mifukoni. Safari hii naomba tusipige makofi. Juma hili shirika lako litakapokutana, kabla ya sala ya kufunga, chukueni daftari. Andikeni baraza moja iliyo karibu na atelie. Andikeni majina kumi, na mbele ya kila jina siku yake. Mkifika saba mkakwama, vukeni barabara mkabishe kwa wale wasiosali nanyi. Mpelekeeni shefu wa avenyu nakala, ajue watoto wako wapi na wako na nani. Jumatatu inayofuata, saa mbili asubuhi, mlango uwe wazi.

Baraza yangu iko Nguba, nyumba mbili kutoka atelie, na ina kivuli mpaka saa tano. Asubuhi yangu ni Jumatano. Ninamtafuta mwenzangu wa Jumatano, na wengine wanane wa siku zilizobaki.